Anguko Lisilo na Kundi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Vihatarishi,
Makao Makuu ya Benki,
Ghorofa ya juu kabisa, ambako lifti inafika.

Kuhusu: Kuanguka kwangu ngazini kuingizwa katika kundi lolote litakalopatikana

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu nikiwa nimekaa, maana kusimama kwa sasa ni kazi ninayoifanya kwa awamu. Natumaini wewe na idara yako nzima hamjambo, na kwamba yale makundi yenu saba ya vihatarishi nayo hayajambo, hakuna lililopungua wala kuongezeka. Mimi ni tarishi wa tawi lenu la mjini, yule anayepandisha mafaili kutoka kaunta ya chini hadi ofisi za ghorofa ya pili na kuteremsha barua, na amefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Pale tawini wananiita Mzee Mafaili. Hunifahamu, na sikulaumu. Watu wa ghorofa ya juu huziona karatasi zikiwa zimeshafika mezani.

Siku kumi na tisa zilizopita nilianguka kwenye ngazi za tawi nikiwa nimebeba sinia la chai. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Jambo hilo halina ubishi kwa daktari, halina ubishi kwa mke wangu ambaye ndiye ananisaidia kuoga, na mguu wenyewe haujabisha hata siku moja. Ubishi uko kwenu. Idara yako imeniandikia kwamba, baada ya uchambuzi wa kina, tukio langu halikupatiwa kundi. Kwamba tukio lisilo na kundi haliwezi kupewa namba. Na kwamba lisilo na namba halijatokea. Naomba kwa heshima zote nieleze mahali ambapo mimi na uchambuzi huo tunaachana. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, maana nimeshajifunza kwamba kwenu kitu kisicho na namba ni upepo.

1. Lalamiko la kwanza ni vikombe.

Siku ile tawi lilikuwa na mgeni. Idara yako ilituletea mwezeshaji mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kukaa kichwani, aje awafundishe wafanyakazi namna ya kuvigawa vihatarishi vya uendeshaji katika makundi. Kila mwenye kiti alihudhuria. Sisi tusio na viti tuliambiwa tupeleke chai saa nne kamili. Nikapanda na sinia langu: vikombe sita, chupa ya chai, na vijiko ambavyo mhudumu wa jikoni alinihesabia kama mtu anayekabidhi silaha. Kwenye ngazi ya tatu kutoka juu kuna ukingo wa chuma uliobanduka. Ulidaka kiatu changu, nami nikashuka ngazi tisa kwa namna ambayo sijawahi kushuka tangu niajiriwe.

Kabla sijanyanyuliwa, taarifa ya vikombe ilikuwa imeshaandikwa. Uharibifu wa Mali, kundi la tano. Vikombe sita na chupa moja. Namba ilitoka palepale, na kesho yake vikombe vipya vilikuwa kabatini. Nasikia hivi vina maua. Na usidhani sikutajwa kwenye fomu hiyo. Nimetajwa. Pale palipoandikwa "Chanzo cha tukio" pamejazwa neno moja: Tarishi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kumbukumbu zenu zinakiri kwamba nilivunja, ila hazikiri kwamba nilivunjika.

2. La pili ni kwamba semina iliendelea juu yangu.

Washiriki kumi na mmoja walitoka mbio hadi kwenye ngazi. Nilishukuru, nikajua mikono imefika. Mwezeshaji akawaomba wasiguse chochote, kwa kuwa nafasi kama hii haipatikani kila siku, akaagiza ubao wa karatasi uletwe pale nje. Akauliza: tukio hili ni la kundi gani? Karani wa mikopo akasema ni makosa ya utendaji, kwa sababu sinia halikubebwa inavyotakiwa. Mhasibu akasema ni mali, kwa sababu ya vikombe. Dada mmoja wa kaunta, Mungu ampe heri, akasema ni usalama wa mtu, akaulizwa anaweza kulithibitisha vipi. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Nne, tatu, tatu, na mmoja hakuwa na msimamo. Mlinzi wa mlangoni aliuliza kama anaweza kunipeleka hospitali, akajibiwa kwamba yeye si mshiriki.

Mjadala ulichukua dakika arobaini. Najua ni arobaini kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa juu ya uso wangu moja kwa moja, na sikuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa soli za viatu vya watu wenye elimu. Katikati walipumzika kidogo kwa ajili ya chai, wakakumbuka kwamba chai hakuna, wakanitazama vibaya.

Tena nikapigwa picha. Mwenzangu wa tawi la pili ameniambia kwamba picha hiyo sasa inaoneshwa kwenye semina zote chini ya maneno "Mfano Hai". Machoni nimewekewa mstari mweusi ili kulinda heshima yangu. Suruali iliyopanda hadi mapajani imeachwa kama ilivyo.

3. La tatu ni kundi la tatu lenyewe.

Najua utaniambia mbona lipo kundi la mahusiano ya kazi na usalama kazini. Hata mimi nilipolisoma nilifurahi kama mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Furaha hiyo ilidumu mpaka simu ya karani wenu wa vihatarishi pale tawini, binti mpole anayebebeshwa ujinga usio wake. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kundi hilo ni la wafanyakazi wa benki, na mimi si mfanyakazi wa benki. Kweli. Nilikuwa, kwa miaka kumi na tisa. Miaka mitatu iliyopita sisi matarishi, wafagiaji na walinzi tulikabidhiwa kwa wakala. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Jumatatu tukarudi kwenye mlango uleule, ngazi zilezile na mafagio yaleyale, ila beji zilikuwa za kijani.

Nikampigia wakala. Wakala akasema wao wanahusika na anguko lolote linalotokea ndani ya jengo lao. Jengo lao ni chumba kimoja juu ya duka la matairi. Nimefika huko mara moja tu maishani, kuchukua hiyo beji. Laiti ningejua, Mheshimiwa, ningejizuia pale kwenye ngazi yenu, nikaweka sinia chini, nikaenda zangu mtaa wa pili kuanguka kwa utaratibu.

Nikajaribu kundi la nne, la wateja, kwa kuwa nina akaunti kwenu tangu kabla karani huyo hajazaliwa. Nikajibiwa kwamba wakati wa tukio nilikuwa nimevaa sare, na mteja havai sare wala habebi chai. Sina la kuongeza hapo. Chai nilibeba.

4. La nne ni ngazi.

Ule ukingo wa chuma niliuripoti mara nne kabla haujaniangusha. Nakala ninazo, zina muhuri wa kupokelewa, na muhuri wenyewe niliupandisha mimi. Mara zote nne nilijibiwa kwamba kihatarishi hakiwezi kupelekwa mbele mpaka kiwe kimetokea, na kwamba kwa mujibu wa daftari hakuna aliyeanguka. Nilipotoka hospitali nilimtuma binti yangu apeleke ripoti ya tano. Akarudi na jibu siku hiyohiyo, jambo la kusifiwa. Jibu lilisema kwa mujibu wa daftari hakuna aliyeanguka.

Basi ukingo bado umeinua kichwa palepale. Watu wanauruka. Nasikia karani wa mikopo, mama mzito wa mwili na wa cheo, kila asubuhi anakunja sketi na kuuruka, kisha anaenda kukaa kwenye meza yake kujaza fomu inayosema tawi ni salama. Kama huo si upuuzi, naomba mnipe neno lenu la kitaalamu.

5. La tano ndilo lililonifanya nishike kalamu, na hapa utanisamehe nikipunguza adabu.

Kwa kuwa sikuanguka, idara ya utumishi imeona kwamba mguu wangu hauwezi kuwa umevunjika kazini. Na kwa kuwa haukuvunjika kazini, siku hizi kumi na tisa nimekuwa mtoro. Nimepewa barua. Inanitaka nijieleze kabla ya mwisho wa mwezi kwa nini nisiachishwe kazi. Nilipeleka cheti cha daktari, kikarudishwa na kikaratasi kimebandikwa juu yake: "Cheti kinaeleza mguu. Hakielezi tukio." Nilikisoma mara tatu, nikampa mke wangu naye akakisoma, akakirudisha mezani na kwenda kushona. Yeye ni fundi cherehani, akikasirika utasikia mashine tu.

Kwenye nafasi yangu wamemweka tarishi wa muda, mtu mzima mwenye familia kama mimi, ametoka kwa wakala huyohuyo. Sina ugomvi naye. Alikuja kunijulia hali nyumbani na kuniuliza faili za madai huwa naziweka rafu gani. Mwezi ukiisha sijarudi, beji yangu inazimwa na nafasi inakuwa yake moja kwa moja.

Nina miaka hamsini na minne. Kazi nyingine siijui, na kwa mguu huu sitaijua. Binti yetu amebakiza mwaka mmoja chuo cha ualimu. Naogopa, Mheshimiwa. Nimeona niliandike hilo wazi, kwa kuwa kwenye fomu yenu nililitafutia nafasi sikuiona.

6. Kwa kuwa sipendi kuwa mtu wa kulalamika bila kuleta suluhisho, nimeyapitia makundi yaliyobaki ili niwasaidie.

Kundi la kwanza ni udanganyifu wa ndani. Niko tayari kuungama. Mwaka juzi keshia mmoja alitoroka na fedha za watu, akapata namba ndani ya saa moja. Akapata faili lenye jalada gumu. Mkuu wa usalama alipanda gari akaenda mpaka kwao kuuliza habari zake, akakaa na mama yake, akanywa maji. Mimi siku kumi na tisa hajaja hata mtu wa kuuliza njia. Nikipewa muda nitaiba kitu kidogo, stepla kwa mfano, ili nami mnijali.

Kundi la pili ni udanganyifu wa nje. Benki inasema mimi ni wa nje, wakala anasema mimi ni wa nje. Udanganyifu ndio uliobaki, na nadhani hapo upo wa kutosha kwa pande zote, gawaneni.

Kundi la sita ni hitilafu za mifumo, na ndilo ninaloliomba kwa moyo wote. Tangu mtandao wa kuunganisha kaunta na ghorofa ya pili uanze kukatika, mtandao umekuwa mimi. Taarifa zilipita kwapani mwangu. Siku niliyoanguka hakuna mkopo hata mmoja uliosainiwa mpaka jioni. Kwa hiyo mimi ni mfumo, na nilipata hitilafu, na shughuli zilisimama. Printa ya ghorofani ilipogoma mwezi uliopita, fundi alifika mchana huohuo, akavua koti, akaifungua taratibu, akauliza ilianza lini kusumbua na kama ilikuwa ikifanyishwa kazi kupita kiasi. Nilikuwa nimesimama pale na faili zangu, nikasikia wivu. Naomba niandikishwe kama printa.

7. Mkishindwa hayo yote, naomba mfungue kundi la nane.

Nimeshalitafutia jina ili msiunde kamati. Liiteni "Watu". Humo mtawaweka wote wanaoanguka, wanaougua, wanaochoka, wanaozeeka na wanaopeleka chai. Nyumbani nimelifanyia majaribio. Shemeji yangu, anayekuja kila jioni kuniambia kwamba ningekuwa mwangalifu nisingeanguka, nimemweka kundi la pili. Watoto wa jirani wanaochorachora kwenye plasta yangu wako kundi la tano. Mke wangu nimekosa kundi la kumweka, akasema yeye angependa kuwekwa kwenye kundi la watu waliokula mchana. Inawezekana kabisa, mnaona.

Na kama hata la nane haliwezekani, kwa kuwa saba ndiyo namba ya wakubwa na haiguswi, basi ombi langu la mwisho ni fupi. Mguu ambao haukuanguka hauna sababu ya kuwa ndani ya plasta. Mtumeni mwezeshaji aje nyumbani kwangu na miwani zake zote, aivue plasta kwa mkono wake, na anipe maagizo ya maandishi kwamba nitembee. Nitatembea. Nikianguka tena mbele yake, wala asihangaike kuleta ubao. Aandike tu kwamba hakuna aliyeanguka.

Nategemea majibu yako kabla ya mwisho wa mwezi. Wasalimie wote wa ghorofa ya juu, kuanzia katibu muhtasi wako anayetupigia simu bila kusalimia. Msalimie mwezeshaji. Visalimie na vikombe vipya kama vimeletwa huko kukaguliwa, na lifti, ambayo sisi huku chini tunaisikia kwa jina tu.

Ni mimi, katika utumishi ambao mwenye nao bado anatafutwa,

Tarishi wa Ghorofa ya Pili
(Mzee Mafaili)

Nyongeza:

Mheshimiwa, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua tena. Leo asubuhi niliamua kuileta barua hii mwenyewe pale tawini kwa magongo, ili ipigwe muhuri wa kupokelewa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la chini nikisubiri, nikamwona tarishi wa muda anateremka na mafaili yamemfika kidevuni. Kile chuma kilimdaka. Alikuja ngazi zote tisa mpaka miguuni pangu. Mkono umevunjika, hilo sihitaji daktari kuniambia.

Karani wa vihatarishi alikuja na fomu mbio, akaniomba nijaze mimi, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeona mwanzo hadi mwisho. Alininong'oneza kwamba mwezi huu wamepata maelekezo mapya: shahidi akisaini kwamba tukio limetokea, hata mtu wa wakala atapewa namba, na mapumziko yake yatatambuliwa. Akaniambia hivyo akitabasamu, akidhani ananipa habari njema, na kweli zilikuwa njema. Mimi sikuwa na shahidi aliyesaini.

Meneja wa tawi naye alishuka. Akautazama mguu wangu, akauliza kama naweza kufanya kazi nikiwa nimekaa, nipange mafaili pale chini huku wengine wakiyapandisha, kuanzia kesho, endapo nafasi itakuwa wazi. Nafasi inakuwa wazi tarishi akiwa mtoro, Mheshimiwa. Akiwa na namba, nafasi ni yake mpaka apone.

Fomu ina visanduku viwili tu upande wa shahidi, kazi nyepesi. Niliweka alama kwenye kile kinachosema "Hakuna tukio", nikasaini. Kesho saa mbili naanza. Kwa hiyo naomba barua hii ichukuliwe kama haijaandikwa, na idara yako iendelee na utaratibu wake, ambao nimeona una faida zake.

Tarishi yule alikuwa bado yuko chini pale nilipokuwa nikijaza. Aliniomba nimwandikie vizuri kwa sababu ana watoto, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi.